Wati 75 za Ubingwa: Rekodi za Kadi za Grafiksi, kutoka Jitu hadi Mkombozi wa Kompyuta Kongwe

Kadi za grafiksi hazijui kupumzika. Kila baada ya miaka miwili anatawazwa mwenye kasi mpya, mwenye kumbukumbu kubwa zaidi, mlaji mpya wa umeme. Lakini pambano la leo lina uwanja wake: ile Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba, iliyostaafishwa ofisini ng'ambo ikashushwa Kariakoo au Luthuli Avenue, yenye i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Inawaka kila asubuhi bila kulalamika. Ikifunguliwa gemu, inaganda. Mwenyewe ameshaamua kuiongezea kadi, na swali lililobaki ni moja tu: ipi? Tuanze na majitu, tushuke hadi kwa bingwa anayeingia.

1. Jitu: kadi ndefu kuliko kompyuta

ASUS ROG Strix RTX 4090, toleo la mwishoni mwa 2022, ina urefu wa milimita 357.6, unene wa milimita 70 na uzito wa takribani kilo mbili na nusu. Ziweke hamsini sakafuni, kichwa kwa mkia, utapata mita 17.88. Basi refu la mwendokasi la Dar es Salaam, lile lenye kiungo katikati, lina mita 18!

Sasa chukua OptiPlex 9020 ile nyembamba. Kutoka uso wake hadi mgongo ni milimita 312. Kadi peke yake inaipita kompyuta nzima kwa zaidi ya sentimita nne. Hapo hakuna cha kubishana. Kadi na boksi havikuzaliwa kukutana.

2. Kumbukumbu: kila Mzanzibari na CGA yake

Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya binafsi pamoja na kadi ya rangi iliyoitwa CGA, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16. Januari 2025 Nvidia ikatoa RTX 5090 yenye gigabaiti 32. Gawanya: ndani ya 5090 zinaingia CGA 2,097,152. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Kila mmoja, Unguja na Pemba, mtoto na mzee, angepata kumbukumbu ya kadi yake, na zingebaki 207,379 ghalani.

Chipu yake nayo ina transista bilioni 92.2. Tanzania nzima, watu 61,741,120, ingegawana na kila mtu angeondoka na 1,493. Ile GeForce 256 ya 1999, ambayo Nvidia iliitangaza kuwa GPU ya kwanza duniani, haikufikisha hata transista milioni 25. Kwa umati huu wa leo, zaidi ya nusu ya Watanzania wangerudi mikono mitupu.

3. Mlaji mkuu: wati 575

Mwaka 2014 Radeon R9 295X2 ya AMD, chipu mbili kwenye bodi moja zikipozwa kwa maji, ilishangaza watu kwa wati 500. RTX 5090 imeivua taji kwa wati 575 na chipu moja.

Zipeleke wati hizo kwenye mita ya Luku. Kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Kadi hii ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inazimaliza kwa saa 130, yaani saa nne na ushee kwa siku, kabla hujawasha taa wala friji. Nvidia inashauri pawasaplai ya wati 1,000. Pawasaplai ya OptiPlex 7010 nyembamba, ile ya 2012, inatoa wati 240. Nne zikiungana zinafika 960. Bado wati 40!

4. Lango jembamba kuliko yote: wati 75

Hapa ndipo mchezo unapoamuliwa, na ndipo wengi wanapopoteza hela.

Sloti ndefu ya PCIe kwenye mazabodi inaruhusiwa kuipa kadi wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka kuzidi hapo huletewa waya wake kutoka kwenye pawasaplai: waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Fungua OptiPlex ya ofisini uutafute waya huo. Haumo. Mashine hizi zilitengenezwa kwa barua na mahesabu, na aliyezitengeneza hakuona sababu ya kulipia shaba ya ziada.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kadi yoyote, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu, usome kibandiko kilichogandishwa kwenye pawasaplai. Utakuta jedwali dogo la volti na ampea, na mahali fulani limeandikwa jumla kwa wati. Msimamo wa ligi uko hivi: OptiPlex 7010 nyembamba na EliteDesk 800 G1 nyembamba zina 240, OptiPlex 9020 nyembamba 255, 7010 ya mnara 275, 9020 ya mnara 290, EliteDesk 800 G1 ya mnara inaongoza kwa 320. Katika idadi hiyo lazima wale prosesa, diski, feni na ram kwanza, kadi ndiyo ije kula kilichobaki.

Fundi atakuambia ipo adapta: inachukua waya wa SATA, ule wa diski, inaugeuza kuwa pini 6. Kataa. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, ambazo ni wati 54. Pini 6 inaahidi 75. Wati 21 za ziada zinapolazimishwa kupita, plagi hiyo ndogo inapata moto kupita kiasi, na kuna plagi nyingi za aina hiyo zilizoyeyuka.

Njia halali ni kubadilisha pawasaplai yenyewe, na hapo pia kuna mshindi. OptiPlex 7010 ya mnara inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo pawasaplai ya dukani inaingia moja kwa moja. OptiPlex 9020 ina plagi ya Dell ya pini 8, EliteDesk 800 G1 ina ya HP ya pini 6, na zote mbili zitadai kiunganishi maalumu. Anayenunua mashine leo akijua kesho ataiongezea kadi kubwa, achukue 7010 ya mnara.

Na wati 75 si haba. GTA V ilipofika kwenye kompyuta 2015, watengenezaji walipendekeza prosesa i5-3470, ile ile iliyomo kwenye OptiPlex 7010 nyingi za mtumba, pamoja na kadi ya GTX 660. Kadi hiyo ya 2012 ilikula wati 140 kufanya hesabu trilioni 1.88 kwa sekunde. Miaka minne baadaye ikaja GTX 1050 Ti: trilioni 2.1 kwa wati 75, bila waya hata mmoja. Kazi imeongezeka, chakula kimepungua karibu nusu!

5. Iliyoshindwa na kompyuta yenyewe: GT 710

Ndiyo kadi utakayooneshwa kwanza, kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka. Inakula wati 19 tu, ina viini 192, na kwa karatasi inafanya hesabu bilioni 366 kwa sekunde. Prosesa ya i5-4570 ndani ya OptiPlex 9020 ina grafiksi yake ya ndani, HD 4600, inayofanya bilioni 368. Mwenye mashine analipia kadi mpya ili apate kitu kilichozidiwa na alichokuja nacho. GT 710 ifunge kama unataka monita ya pili. Kwa gemu iache kabatini.

Mwenzake GT 1030 ana hila kubwa zaidi, kwani jina moja linabeba kadi mbili. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayosafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Baadaye ikaletwa yenye DDR4, gigabaiti 16.8 tu. Boksi lile lile, jina lile lile, mwendo chini ya nusu! Ram ya kawaida ya DDR3 iliyomo kwenye OptiPlex, ikiwekwa vipande viwili vya 1600, inasafirisha gigabaiti 25.6. Yaani kumbukumbu ya kadi inaachwa nyuma na ram ya kompyuta ambayo kadi imekuja kuisaidia. Muuzaji akikuambia "hii ni 1030", mwombe akugeuzie boksi, na usome neno linalofuata gigabaiti.

6. Uongo mkubwa kuliko wote sokoni

Kuna kadi zinazouzwa kama GTX 1050 Ti ambazo ndani yake kuna GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011. Bayosi imeandikwa upya ili Windows isome jina la uongo. Ya kweli ina viini 768, hizo zina 192, robo kamili. Pia 550 Ti halisi inahitaji wati 116, mlo ambao sloti haiwezi kuutoa.

Mtego wa kumnasa muuzaji ni wa dakika moja. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi, kadi ichomekwe kwenye mashine ya dukani, programu ifunguliwe. Kwenye mstari wa jina, kadi ya kughushi inaandikwa wazi kuwa ni feki, na alama ya onyo ya njano inatokea palipopaswa kuwa na nembo. Angalia na idadi ya viini, hapo chini kidogo. Hata kabla ya kuchomeka, tazama mgongo wake: familia ya GTX 10 haitoi picha ya analogi, hivyo 1050 Ti yenye tundu la VGA inatosha kukufanya urudishe pochi mfukoni.

Nafasi ya pili ya ujanja inakwenda kwa RX 580 2048SP, iliyoanzia China mwaka 2018. Hii si feki, ni ya AMD kweli, lakini RX 580 ya asili ya 2017 ina viini 2,304. Tarakimu nne zilizobandikwa mwishoni mwa jina ndizo zinazosema ukweli: umepunguziwa 256, na ulichobeba kwa sehemu kubwa ni RX 570. Kadi za ukoo huu zilifanyishwa kazi mchana na usiku katika mashimo ya sarafu za kidijiti hadi 15 Septemba 2022, siku sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi. Baada ya hapo zilimwagika sokoni. Zina nguvu bado, ila RX 580 ya asili inataka wati 185, kwa hiyo wenye pawasaplai ya ofisini wapite mbali.

7. Maisha marefu: miaka 11 na zaidi

GTX 750 Ti ilizinduliwa Februari 2014. Wati 60, viini 640, haina haja ya waya. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jibu la kila mwenye OptiPlex, na Nvidia iliendelea kuitolea draiva za gemu hadi Oktoba 2025. Mtoto aliyezaliwa wiki ile kadi ilipotoka alikuwa ameshafika darasa la tano au la sita.

Mwezi huo huo ndipo pazia lilipowashukia ndugu zake wadogo, 1050 Ti na 1060, licha ya kuwa za 2016. Zitapata viraka vya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa mwenye magemu ya zamani si tatizo. Kwa anayetaka kadi ya kukaa nayo miaka mitano, ni hoja nzito ya kuongeza hela kidogo na kupanda ngazi moja.

8. Tundu kongwe: VGA ya 1987

IBM ilileta tundu la VGA mwaka 1987, na hadi leo lipo nyuma ya monita nyingi za mtumba zinazouzwa pamoja na mashine hizi. Kadi nne zitakazopanda jukwaani mwishoni mwa orodha hii kwa kawaida hazina tundu hilo. Zina HDMI na DisplayPort. Tenga fedha ya adapta yenye chipu ndani, ile inayogeuza dijiti kuwa analogi. Waya mtupu wa bei ya soda hautaonesha picha.

9. Barabara nyembamba: njia 4 kati ya 16

Sloti ya kadi ni barabara ya njia 16. RX 6400 ya AMD, iliyotoka 2022, inatumia 4 tu. Kwenye kompyuta mpya yenye PCIe 4.0, njia nne zinapitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye OptiPlex 9020 yenye 3.0 zinabaki 4. Kwenye OptiPlex 790 ya 2011 yenye prosesa ya kizazi cha pili, zinabaki 2, ambapo kadi ya njia zote 16 ingepata 8.

Pamoja na hayo, RX 6400 inashika rekodi inayonifanya niiheshimu: wati 53, urefu wa kama sentimita 17, kimo kifupi na unene wa nafasi moja, ikifanya hesabu trilioni 3.57 kwa sekunde. Ndani ya maboksi mengi membamba, kadi ya nafasi mbili inagonga pawasaplai hata ikiwa fupi. Hii inapita. Zikumbuke zile kadi hamsini za mwendokasi: kwenye basi lile lile zingeingia RX 6400 zaidi ya mia moja.

Intel nayo inajipendekeza kwa Arc A380, wati 75 na gigabaiti 6 za kumbukumbu. Ikatae kwa mashine hizi. Arc inategemea uwezo wa prosesa kuiona kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, na Intel yenyewe inaanzia kizazi cha kumi. OptiPlex 7010 iko kizazi cha tatu. Vizazi saba vya pengo!

10. Bingwa wa wati 75

Bei kwanza, kwa mstari mmoja: RTX 5090 ilizinduliwa kwa dola 1,999, GTX 1650 kwa dola 149, hivyo thamani ya jitu moja inasajili timu kamili ya 1650 kumi na moja, wachezaji wawili wa akiba, na chenji ya dola 62.

Tena jitu halina wa kumchezea. Picha ya 4K ina nukta 8,294,400, nyingi kuliko wakazi 5,383,728 wa Dar es Salaam. Monita ya mtumba ya 1600 kwa 900 ina nukta 1,440,000. Kadi ya mashine kongwe inachora chini ya moja ya tano ya kazi ile, na prosesa yenye viini vinne itachoka kabla ya kadi kubwa haijatoka jasho.

Basi jukwaani, kwa kadi za gemu zisizotaka waya. Nafasi ya nne, GTX 1050 Ti: trilioni 2.1, nzuri ikiwa ya mtumba na bei yake imeshuka sana. Ya tatu, GTX 1650 ya 2019: trilioni 2.98, njia zote 16, chaguo langu kwa mashine za kizazi cha pili zenye barabara ya polepole. Hakikisha tu haina tundu la pini 6, maana baadhi ya watengenezaji waliliweka. Ya pili, RX 6400, kwa wenye boksi jembamba la nafasi moja.

Taji linakwenda kwa RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya Februari 2024. Soma tarakimu: ni 6, kwa sababu ile ya 8 inakula wati 130 na inadai waya. Ya 6 inakula 70. Ina viini 2,304, sawa kabisa na RX 580 ya wati 185. Inatumia njia 8, draiva zake bado mbichi, na yapo matoleo ya kimo kifupi, ingawa mengi yana unene wa nafasi mbili, kwa hiyo chukua rula upime kabla ya kulipa. Zipo kadi za kiofisi zinazoipita kwa wati hizo hizo, kama RTX 4000 SFF Ada yenye trilioni 19, lakini ile ilitoka kwa dola 1,250.

Sasisha bayosi ya mashine kwanza, kisha ichomeke. Inafanya hesabu trilioni 6.77 kwa sekunde. HD 4600 iliyokuwa ikigandisha gemu ilifanya bilioni 368. Ni mara 18, na ikikimbia kwa nguvu zake zote saa 720 za mwezi wa siku 30, bila kuzimwa hata usiku, itakula uniti 50.4: chini ya kikomo cha 75 ambacho jitu la RTX 5090 lilikimaliza kwa saa 130!